Kumpima Spider-Man Kanyaruchinya

Mchezo wa video wa shujaa mwenye nguvu za ajabu hupimwa kwa maswali mawili ambayo huchanganywa mara nyingi: umetengenezwa vizuri? Na unamfaa kijana wa umri gani? Majibu ya maswali hayo hayaendi pamoja. Mchezo wa Superman uliotolewa na kampuni ya Kifaransa ya Titus mwaka 1999 kwa mashine ya Nintendo 64 hauna damu wala matusi, na mzazi mwenye wasiwasi asingepata cha kulalamikia. Lakini kazi kubwa ya shujaa humo ni kuruka akipenya kwenye pete zilizoning'inia hewani huku saa ikimkimbiza, ndani ya jiji lililomezwa na ukungu wa kijani, na maneti, yaani kidhibiti cha mkononi, haitii kidole. Hadi leo hutajwa miongoni mwa michezo mibovu kuliko yote iliyowahi kuuzwa. Batman: Arkham Knight wa mwaka 2015 uko upande wa pili kabisa. Ni kazi ya mafundi waliobobea, yenye jiji linalong'aa kwa mvua na mapigano yanayotiririka kama ngoma, lakini bodi ya Marekani iliupa alama ya M, yaani kuanzia miaka 17, ilhali michezo mikuu mitatu iliyoutangulia katika mfululizo huo ilipita kwa alama ya T, ya kuanzia miaka 13.

Bodi hiyo, ESRB, iliundwa mwaka 1994, baada ya vikao vya Bunge la Marekani vya mwaka 1993 kuhusu michezo kama Mortal Kombat, ambamo mshindi aliweza kumng'oa mpinzani wake moyo. Ulaya ilianzisha utaratibu wake, PEGI, mwaka 2003, wenye namba 3, 7, 12, 16 na 18. Bodi hizi mbili hutazama mchezo uleule na kutoa majibu tofauti. Marvel's Spider-Man, uliotengenezwa na studio ya Insomniac na kutolewa Septemba 2018 kwa PlayStation 4, Marekani ulipewa T, Ulaya ukapewa 16. Ngumi ni zilezile. Wa Marekani waliona damu kidogo na lugha isiyo kali sana. Wa Ulaya waliona binadamu anayepigwa kwa namna inayofanana na maisha halisi. Kati ya majibu hayo kuna miaka mitatu, nayo ni mingi kwa mtoto aliye kidato cha kwanza au cha pili.

Kanyaruchinya haina hata nafasi ya kuchagua kati ya alama hizo. Kijiji hicho kiko kilomita chache kaskazini mwa Goma, katika eneo la Nyiragongo, kando ya barabara ya taifa namba 2 inayokwenda Rutshuru, juu ya mawe meusi ya volkano. Diski zinazofika huku mara nyingi ni za mkono wa pili au za kunakiliwa, zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, bila kasha na bila alama yoyote. Michezo ya simu hupita kutoka simu hadi simu bila kugusa duka rasmi, kwa sababu megabaiti ni ghali na kurushiana faili ni bure. Kwenye duka la Google kila mchezo una umri wake; mtengenezaji hujaza hojaji na utaratibu wa kimataifa uitwao IARC hutoa namba. Faili iliyorushwa kwa Bluetooth haiji na namba hiyo. Sheria ya Kongo namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamtambua mtu yeyote aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto anayestahili ulinzi, ila hakuna bodi ya nchi inayobandika umri kwenye michezo ya video. Tume ya taifa ya udhibiti inajulikana zaidi kwa kuzuia nyimbo. Hukumu inabaki kwa mzazi, kaka mkubwa, mwalimu, na mwenye kibanda.

Kibanda chenyewe kinabadilisha mchezo. Wanaoandika tathmini za michezo huko Ulaya na Marekani humfikiria mchezaji aliyekaa sebuleni kwake, mwenye mashine yake, anayeanza hadithi mwanzo na kuimaliza baada ya wiki mbili. Katika viunga vya Goma vijana wengi hucheza kwa kulipia dakika au mechi, kwenye chumba cha mbao na mabati, umeme ukiwa wa kadi au wa jenereta, na nyuma ya mchezaji kuna wengine wanaosubiri zamu. Ndiyo maana mpira wa miguu umetawala: mechi ina mwanzo na mwisho, na aliyefungwa anampisha mwenzake. Mchezo wa hadithi ya saa ishirini hauingii vizuri katika mpangilio huo. Kijana anaikuta hadithi pale alipoiacha mwingine, anapigana kwa robo saa, kisha zamu yake inakwisha. Sehemu ambayo shujaa anajutia, anapoteza mpendwa wake au anachagua wema kwa gharama kubwa huenda asiione kamwe. Wengine huiruka kwa makusudi, maana maongezi ya wahusika yanakula dakika zilizolipiwa.

Kwa hiyo, hapa kipimo cha kwanza cha ufaafu kiwe kile ambacho kidole hurudia. Hadithi hufuata baadaye. Mchezo unaohubiri huruma katika sura ya mwisho, lakini dakika zake zote kabla ya hapo ni za kupiga watu risasi, kwa mteja wa kibanda ni mchezo wa kupiga watu risasi basi.

Kwa kipimo hicho, Spider-Man wa 2018 anasimama vizuri. Tendo linalorudiwa zaidi si ngumi bali kuning'inia: kitufe cha R2 hushikwa ili uzi urushwe kwenye jengo, mwili unapita chini kama bembea, kitufe kinaachiwa kwenye kilele, na kijana anatupwa mbele juu ya barabara za Manhattan. Ubora wa mchezo umo katika tendo hilo moja. Anayejifunza hugonga kuta. Baada ya muda anajua aachie lini, anapata mwendo, na watazamaji nyuma yake huona tofauti kati ya anayejua na asiyejua. Michezo michache ya mashujaa imefanikiwa kuufanya usafiri wenyewe kuwa starehe. Nakala milioni 3.3 ziliuzwa katika siku tatu za kwanza, na sehemu kubwa ya sifa ilielekezwa hapo.

Mapigano nayo yamepangwa kwa uangalifu ambao mzazi anayetazama haraka hawezi kuuona. Spider-Man haui. Adui akisukumwa kutoka ghorofani, uzi hujifyatua wenyewe na kumnasa ukutani kabla hajafika chini. Raia hawawezi kudhuriwa hata mchezaji akitaka. Kitufe kikibonyezwa karibu na mpita njia, shujaa anamsalimia au kumgonga kiganja. Hili si pambo dogo. Watengenezaji waliondoa kabisa uwezekano wa kumwonea asiye na hatia, na kidole kinachotafuta uonevu kinaambulia salamu.

Kasoro zipo. Jiji limejazwa vibarua vinavyofanana: kuna mabegi 55 ya mgongoni ya kutafuta, njiwa wa kufukuza, minara ya polisi ya kurekebisha, na uhalifu wa barabarani unaojirudia kwa sura tatu nne hadi kijana anajua mwizi atasema nini. Baadhi ya wahakiki wa Marekani walihoji kwa nini shujaa wa mtaani awe fundi wa mitambo ya polisi ya kupelelezea watu, na hoja yao ina uzito. Kabla ya kutolewa, wapenzi wa michezo waligombana wiki nzima kuhusu madimbwi ya maji yaliyoonekana kupungua kati ya picha za onyesho na mchezo wenyewe. Malumbano ya watu wenye nafasi, hayo.

Jambo zito liko kwingine, na bodi za umri hazikuwa na namna ya kulipima. Katikati ya hadithi kuna shambulio la mabomu mbele ya ukumbi wa jiji, mkutano wa hadhara ukiendelea. Spider-Man anazimia. Mchezaji anakabidhiwa Miles Morales, kijana ambaye bado hana nguvu yoyote, akipita kati ya moshi na watu walioanguka. Baba yake, ofisa wa polisi, anauawa papo hapo. Baadaye ugonjwa wa kutengenezwa maabara unasambaa mjini, barabara zinafungwa, na askari wa kampuni binafsi ya Sable wanaweka vizuizi na kumwinda shujaa mwenyewe. Makazi ya watu wasio na nyumba anakofanya kazi May, shangazi wa shujaa, yanajaa wagonjwa waliolala chini wamepangana.

Kijana wa London anayaona hayo kama filamu. Kanyaruchinya ilikuwa kambi ya wakimbizi wa ndani mwaka 2012, ikahamwa Novemba mwaka huo waasi wa M23 waliposonga kuelekea Goma. Ikajaa tena mwaka 2022 kwa familia zilizotoka Rutshuru, mahema yakasimama juu ya mawe, kisha kambi zikavunjwa Februari 2025 baada ya Goma kutekwa mwishoni mwa Januari. Kati ya matukio hayo kulikuwa na volkano ya Nyiragongo iliyolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, na magonjwa ya kipindupindu na mpox katika kambi zilizouzunguka mji. Kwa aliyepita huko, kizuizi cha askari, foleni ya wagonjwa na mlio wa bomu ni kumbukumbu. Kijana mmoja atacheza sura ile akicheka na kusema wametengeneza vizuri. Mwingine atanyamaza, ataweka maneti chini, atatoka nje. Alama ya T wala namba 16 haiwezi kutabiri yupi ni yupi. Aliye chumbani anaweza, kwa kutazama uso.

Lakini sura hizohizo ndizo zinazoupa mchezo huu uzito kuliko wenzake. Shujaa hashindi kwa nguvu peke yake. May anafanya kazi ya kulisha na kuwahifadhi watu waliopoteza kila kitu, na mchezo unaichukulia kazi hiyo kuwa ushujaa. Miles anajitolea pale kabla hajapata nguvu yoyote. Mwishoni Spider-Man, jina lake halisi Peter Parker, ana dawa inayoweza kumwokoa shangazi yake au kutumika kutengenezea ya mji mzima, na anachagua mji. Kijana aliyewahi kusimama kwenye foleni ya mgao ana cha kusema kuhusu hilo, akipewa nafasi ya kufika mwisho. Hapo ndipo kibanda cha dakika kinapowanyima vijana sehemu bora ya mchezo huku kikiwauzia sehemu ya ngumi.

Mfano unaoonyesha hatari ya kuhukumu kwa mavazi uko kwenye simu. Rope Hero: Vice Town ni mchezo mdogo wa bure ambao kwa mbali unaonekana ndugu wa Spider-Man: mtu mwenye suti na kinyago, anarusha kamba, anapanda kuta, anaruka juu ya majengo. Mzazi akitupia jicho mara moja ataona shujaa na kuendelea na shughuli zake. Akikaa dakika tano ataona shujaa huyo anamtoa dereva garini kwa nguvu, anampiga risasi mpita njia, anakimbizwa na polisi na kuwalipua kwa roketi, na hakuna anayemuuliza kitu. Mpango wake umeazimwa kutoka Grand Theft Auto, mfululizo ambao bodi zote mbili huupa alama za watu wazima. Kilichoongezwa ni kinyago. Kwa ubora pia ni hafifu: watu wa mjini hutembea kama vikaragosi vya mbao, gari hupenya ukuta, na tangazo la biashara hukatiza kila baada ya muda mfupi. Ila ni mwepisi, unafunguka kwenye simu ya bei ya chini na hauhitaji intaneti kila wakati, na hizo ni sifa zinazouza kuliko uzuri wa picha.

Fedha ni kipimo ambacho mzazi wa zamani hakukihitaji. Marvel Contest of Champions wa kampuni ya Kabam, uliotoka Desemba 2014, unachezwa bure. Mashujaa wapya hupatikana kwa kupasua fuwele ambazo yaliyomo hayajulikani hadi zipasuke, na fuwele zaidi hununuliwa. Nguvu za kupigana huisha na kujaa tena taratibu, isipokuwa mchezaji akilipia haraka. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya bahati ya aina hiyo katika baadhi ya michezo mikubwa ni kamari, na kuanzia 2020 ESRB na PEGI zimekuwa zikiweka tangazo maalumu kwa michezo inayouza vitu vya bahati nasibu. Hata michezo ya kulipia mara moja haijasalimika: Marvel's Avengers wa 2020 ulianza kuuza viongeza kasi mwaka 2021, wachezaji wakachachamaa, vikaondolewa ndani ya mwezi mmoja hivi, na mwaka 2023 mchezo wenyewe ukaondolewa sokoni. Mahali ambapo simu ya mama ndiyo pia njia ya kutuma na kupokea fedha za chakula, mchezo unaomtega mtoto abonyeze kununua haufai, hata kama hauna tone la damu.

Michezo mingine ya mashujaa inaweza kuamuliwa kwa haraka zaidi. Injustice: Gods Among Us wa 2013 unatoka kwa watengenezaji walewale wa Mortal Kombat, ila bila kuchinjana, ni mapigano mafupi ya watu wawili, yanakidhi kibanda, na hadithi yake, ambamo Superman anageuka dikteta baada ya kuwapoteza wapendwa wake, ina fikra nzito kuliko mavazi yake. InFAMOUS wa 2009 humpa mchezaji mwenye nguvu za umeme uchaguzi kati ya kuwasaidia raia na kuwanyonya, na mji hubadilika kwa uchaguzi huo. Wazo ni zuri, lakini uchaguzi wenyewe ni mwepisi mno, mweupe au mweusi. LEGO Marvel Super Heroes wa 2013 una alama ya miaka 10 na kuendelea Marekani na 7 Ulaya: adui akipigwa husambaratika kuwa vipande vya plastiki, wachezaji wawili husaidiana kwenye skrini moja, na vicheko ni vingi. Vijana wakubwa huudharau mpaka washike maneti ya pili.

Mashujaa wa Kiafrika wapo pia, ingawa hawajafika vibandani. Leti Arts, studio yenye mizizi Accra na Nairobi, ilitengeneza Africa's Legends, michezo na vitabu vya picha ambamo Ananse na Shaka wanageuzwa mashujaa wa leo. Kiro'o Games ya Yaoundé ilitoa Aurion mwaka 2016, hadithi ya mwanamfalme na mkewe wanaopigana kwa nguvu ya wahenga wao. Aurion una mapigano matamu na maongezi marefu kupita kiasi, lakini unazungumza Kifaransa, lugha ambayo kijana wa Kanyaruchinya anaisoma shuleni, na kuna jambo zuri katika mke anayepigana bega kwa bega badala ya kusubiri kuokolewa. Tatizo ni kwamba unahitaji kompyuta.

Kuhusu hofu kubwa ya wazazi, kwamba ngumi za kwenye skrini huzaa ngumi za mtaani, Jumuiya ya Wanasaikolojia ya Marekani ilirudia msimamo wake mwaka 2020: kuna uhusiano mdogo kati ya michezo yenye ukatili na tabia kama kufoka na kusukumana, lakini hakuna ushahidi wa kutosha kuihusisha na ukatili mkubwa. Katika Kivu ya Kaskazini hoja hiyo ina sura nyingine. Bunduki inayomshawishi kijana hapa haiko kwenye skrini. Iko begani mwa mtu anayepita barabarani, na waliowahi kuingizwa katika makundi ya silaha wakiwa watoto hawakuingizwa na PlayStation. Kejeli ni kwamba PlayStation yenyewe haiko mbali na vita hivyo: tantali inayowekwa katika vifaa vya elektroniki hutokana na koltani, na koltani huchimbwa Rubaya, katika vilima vya Masisi. Mwaka 2000, PlayStation 2 ilipoingia sokoni, bei ya tantali duniani ilikuwa ikipaa.

Ukiunganisha ufundi, kidole, fedha na yaliyowapata wachezaji, hukumu ya michezo hii kwa Kanyaruchinya hailingani na ya London wala New York. LEGO Marvel unafaa kuanzia miaka 8 au 9, na unapaswa kuwa diski ya asubuhi. Injustice ufunguliwe kuanzia miaka 13. Spider-Man ni mzuri kwa miaka 14 na zaidi. Kuning'inia mjini kunaweza kuruhusiwa mapema, ila sura ya ukumbi wa jiji ichezwe mtu mzima akiwa karibu na sauti ikiwa imepunguzwa, na kijana aruhusiwe kuiruka zamu hiyo bila kuchekwa wala kupoteza dakika zake. Rope Hero haufai kwa ubora wala kwa matendo. Arkham Knight, pamoja na ustadi wake wote, unafungua kwa askari anayefyatua risasi akiwa amepagawa na gesi ndani ya mgahawa, unahamisha jiji zima kwa tishio la shambulio, na una onyesho la kujiua. Ni wa watu wazima, na katika kibanda chenye watoto wanaochungulia kupitia nyufa za mbao ungojee usiku. Mwenye kibanda akimfungulia kila mteja wa kudumu akaunti yake kwenye mashine, kijana atarudi kesho na kuikuta hadithi pale alipoiacha yeye mwenyewe. Mashine za PlayStation 4 hukubali akaunti kadhaa bila malipo ya ziada. Ni suala la dakika chache za kuzipanga, na wateja wanaorudi kufuata hadithi hulipa kama wale wa mpira.